Mkenya wa Wastani Ni Nani?

Kila wiki huwa nakutana na huyu mtu. Namsoma gazetini, namsikia redioni nikiwa kwa matatu asubuhi: "Mkenya wa wastani." Anapata pesa kadhaa kwa mwezi, anakula sukari kilo kadhaa kwa mwaka, anaishi miaka kadhaa halafu anakufa. Nimekaa Nairobi miaka yote hii na bado hatujapatana ana kwa ana. Zamani nilidhani ni mimi tu sina bahati. Siku hizi naona shida iko kwa neno lenyewe.

Neno ni la Kiingereza, average, na sisi tunasema wastani. Tafsiri hiyo iko kwa kamusi, iko kwa vitabu vya hesabu, na hakuna mtu hubishana nayo. Mimi nataka kubishana nayo kidogo.

Wastani tulilipata kutoka Kiarabu, kwa mzizi wa wasat, yaani katikati. Na hivyo ndivyo tunavyolitumia mtaani bila kufikiria. Mtu wa kimo cha wastani si mrefu, si mfupi. Ukimwambia fundi akutengenezee meza ya ukubwa wa wastani, hataenda kujumlisha meza zote za Gikomba halafu agawanye. Anajua unataka ile ya katikati, isiyo kubwa sana wala ndogo sana.

Halafu tukaenda shule, na neno hilohilo likapewa kazi ya pili: chukua jumla, gawanya kwa idadi. Hapo ndipo mambo yaliharibika, kwa sababu jumla ukiigawanya si lazima ikupe kitu cha katikati. Wakati mwingine inakupa kitu ambacho hakipo kabisa.

J.M. Kariuki, mbunge aliyeuawa 1975, alikuwa akionya kwamba Kenya isije ikawa nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Watu huichukua kauli hiyo kama siasa. Mimi naona pia ni somo la hesabu. Chukua mamilionea wake kumi, kila mmoja na shilingi 1,000,000. Jumla ni 10,000,000. Wale maskini 10,000,000 wape sifuri kila mmoja. Sasa gawanya jumla kwa watu wote: karibu shilingi moja kwa kila kichwa. Kwa hiyo "raia wa wastani" wa nchi hiyo ana bob moja mfukoni. Mtafute sasa. Kuna kumi wenye milioni na wengine wote hawana kitu. Mwenye bob moja hayuko.

Lakini ukiwapanga wote foleni, kuanzia asiye na kitu hadi milionea, halafu umshike yule aliyesimama katikati kabisa, utapata mtu wa kweli. Ana sifuri. Waingereza wana jina tofauti la hesabu hiyo ya foleni, wanaiita median. Cha kuchekesha ni kwamba, tukifuata maana ya asili ya neno letu, huyo wa katikati ya foleni ndiye anayestahili kuitwa wa wastani. Sisi tulichukua jina lake tukampa mwingine.

Sasa msinielewe vibaya. Hesabu ya kujumlisha na kugawanya si uongo. Ukitaka kujua unga utakaotosha kambi ya watu mia, unaihitaji. Shida inaanza ukiigeuza kuwa mtu. Septemba 2014 serikali ilibadilisha mwaka wa msingi wa kupima uchumi, kutoka 2001 hadi 2009, na uchumi ukaonekana mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 25. Pato la taifa likagawanywa kwa vichwa vyetu, na Kenya ikaingia kwenye kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Wataalamu walikuwa na sababu zao nzuri, maana kuna biashara nyingi ambazo hesabu ya zamani haikuwa inaziona. Lakini angalia neno lilivyofanya kazi. "Kipato cha kati" kinasikika kama habari ya watu, kana kwamba tumehama nyumba usiku. Landlord wangu hakuona tofauti, na mimi pia sikuona.

Nilipoanza kuchimba asili ya neno average ndipo nikashtuka. Wanaosoma historia ya maneno wengi wao wanalifuata nyuma kupitia Kifaransa na Kiitaliano hadi Kiarabu pia, kwa neno awar, lenye maana ya hitilafu au bidhaa iliyoharibika. Lilikuwa neno la bandari. Meli ikipigwa na dhoruba, nahodha anaweza kuamua kutupa baharini mizigo ya baadhi ya wafanyabiashara ili chombo kisizame. Wakifika salama, hasara haiachiwi wale ambao mizigo yao ilitupwa. Inagawanywa kwa wote, kila mtu kulingana na thamani ya mali yake iliyookoka. Mgao huo wa hasara ndio uliitwa average. Kutoka hapo neno likahamia kwa mgao wa kitu chochote, kisha likafika darasani.

Na sheria hiyo haijafa. Mnakumbuka Ever Given, ile meli iliyokwama Suez Machi 2021 tukaichekea kwa memes? Mwezi uliofuata wenye meli walitangaza general average, na wenye mizigo wakatakiwa kuchangia gharama ya uokoaji. Kwa hiyo neno ambalo kwetu linafuta tofauti za watu lilianza kama ahadi: aliyepoteza kwa ajili ya wote, wote watamfidia.

Nilipojua hivyo nilimkumbuka deskie wangu wa form four.

Shule yetu ilikuwa inaishi kwa mean. Ilisomwa paredi, iliandikwa ubaoni, walimu walipimwa nayo. Kila gredi ya KCSE ina pointi, kutoka 1 ya E hadi 12 ya A, na mean ya shule ni zile pointi zikijumlishwa na kugawanywa kwa watahiniwa. Sasa fanya hesabu. Darasa la watu 40 lenye mean ya 7.0 lina jumla ya pointi 280. Mtoe mmoja mwenye 3. Wanabaki 39 wenye 277, na mean inakuwa 7.1. Hakuna aliyesoma zaidi, hakuna aliyefundishwa vizuri zaidi. Mean imepanda kwa sababu mtu ameondoka.

Deskie wangu alikuwa huyo mtu. Aliitwa ofisini na mzazi wake, wakaambiwa kwa upole kwamba ingekuwa vyema ajisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi kwa kituo kingine. Mwalimu mmoja alikuwa ashatumia neno mzigo mbele yetu sote. Tulicheka, na yeye pia alicheka. Wiki iliyofuata nusu ya deski ilikuwa tupu.

Nahodha wa zamani alitupa mizigo na kila mtu akalipia. Sisi tulimtupa mtu, na hakuna aliyelipa hata senti.

Sina uwezo wa kubadilisha kamusi. Lakini lugha yetu ina kitofautishi kidogo ambacho tunaweza kukitumia vizuri: kwa na wa. "Kwa wastani Wakenya wanapata kadhaa" ni sentensi ya hesabu, na msikilizaji anajua kuna kugawanya mahali. "Mkenya wa wastani anapata kadhaa" inadai kuna mtu. Ukisikia ya pili, uliza: mmejumlisha nini, mmegawanya kwa wangapi, na kabla ya kugawanya, ni nani mlimtoa?

Matokeo yalipotoka, shule ilining'iniza bango kubwa pale getini: mean imepanda. Tulipiga picha tukiwa chini yake, darasa zima, isipokuwa mmoja.