Heroe wa Ziwa Natron

Waandishi chipukizi wenzangu, tukitaka msomaji aihisi dunia ilivyokuwa kabla ya mtu, tunakimbilia maneno makubwa: tangu azali, enzi na enzi. Mie nimeyajaza katika sura ya kwanza ya riwaya yangu, na bado msitu wangu unanuka wino.

Hebu tazameni picha za Nick Brandt katika kitabu chake cha mwaka 2013, Across the Ravaged Land. Kandokando ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, aliokota ndege na popo waliokwisha kufa, miili imekauka na kugandiwa na magadi. Si kwamba ziwa liliwageuza mawe papo hapo, kama ilivyovumishwa. Yeye ndiye aliyewaweka mkao wa viumbe hai, akawapiga picha zisizo na rangi. Ukimtazama yule heroe, unahisi uhai bado haujaamua kama unaanza au unakwisha.

Kumbe siri ni kupunguza! Hakuna rangi, hakuna kelele. Kiumbe mmoja tu na ukimya wake.

Lakini nina ugomvi naye. Heroe huja Natron kwa maelfu kutaga na kulea, na Wamaasai huchunga mifugo jirani. Asiyelijua ziwa atadhani ni kaburi tupu.

Basi nimefuta "tangu azali" zote. Ila yule mama mtafuta kuni, niliyemwondoa ili msitu uonekane wa kale, nimemrudisha. Msitu haukupungua ukale, umepata shahidi.