Naamani na Wadogo Waliomponya

Habari ya Naamani katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, tumeisikia tangu utoto. Walimu wengi huifundisha kana kwamba ni habari ya ugonjwa na dawa tu: mtu alikuwa na ukoma, akajichovya katika Yordani mara 7, akapona, kengele ikalia, na watoto wakaenda zao. Sisi twaona ya kuwa kufundisha hivyo ni kuikata habari katikati. Aliyeiandika hakutaka kutuonyesha ngozi ya mtu tu, bali kiburi chake pia, na ni akina nani waliomfungua.

Tazameni jinsi alivyoipanga. Kwanza atupa jina la Naamani, cheo chake katika jeshi la Shamu, heshima yake mbele ya mfalme, na ushindi wake vitani. Kisha, kwa neno moja, aongeza ya kuwa alikuwa mkoma. Mara amleta msichana mdogo, mateka kutoka nchi ya Israeli, mtumishi wa mke wa Naamani. Huyu hakupewa jina. Basi mwenye jina hajui pa kuponea, na asiye na jina ndiye ajuaye.

Naamani akafunga safari na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu, na mavazi 10. Akaenda kwanza kwa mfalme wa Israeli, maana mkubwa hutafuta mkubwa mwenzake. Lakini mfalme hakuwa na la kufanya ila kurarua mavazi yake. Alipofika mlangoni pa Elisha na farasi na magari yake, nabii hakutoka, alimtuma mjumbe. Hapo Naamani akaghadhibika, akaisifu mito ya Dameski, Abana na Farpari. Twadhani hasira ile haikuwa ya maji. Alitazamia nabii atoke, asimame mbele yake, amwombee kwa kumpungia mkono. Alikasirika kwa kuwa hakupewa heshima aliyoizoea. Ni nani waliomwokoa na hasira hiyo? Ni watumishi wake, nao pia hawana majina, waliomwuliza kwa upole mbona jambo dogo limemshinda, na kubwa angalilifanya.

Katika Kiebrania pana uzuri ambao tafsiri haziuonyeshi daima. Mwanzoni Naamani aitwa mtu mkubwa, na msichana aitwa mdogo. Alipotoka majini, mwili wake ulikuwa kama wa mtoto mdogo. Na neno hilo la udogo ni lilelile aliloitiwa msichana. Mkubwa alipona alipofanana na mtumishi wake.

Wazee wetu husema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Naamani alishuka mtoni; akarudi akasimama mbele ya Elisha, akijiita mtumishi wake. Na Gehazi alipomfuata mbio njiani, mtu yule aliyefika kwa nabii na fahari ya magari akashuka garini mwake ili amlaki mtumishi.

Wengi huyaacha mambo ya Gehazi, nasi twaona ni kosa. Gehazi alikaa nyumbani mwa nabii. Hata hivyo alimtaja Naamani kwa dharau, kama Mshami tu aliyeachiliwa aende na mali yake, akamfuata na kumdanganya. Wengine watasema dhambi yake ni tamaa. Ni kweli, lakini tamaa ile ilipita katika mlango wa dharau. Mgeni akaenda zake akiwa safi, na mtu wa nyumbani akatoka na ukoma. Habari hii basi haiwaonyi majemadari peke yao. Yatuonya sisi tulio karibu na vitabu vitakatifu.

Nasi tunaoandika haya tuna la kuungama. Siku moja tuliandika hesabu ubaoni, na mtoto mdogo wa nyuma akainua mkono, akasema jibu si hilo. Tulimwamuru akae. Jioni tulihesabu tena kwa taa, tukaona ya kuwa yeye ndiye aliyesema kweli. Kesho yake tulisahihisha hesabu, lakini mtoto hatukumtaja. Tulikubali dawa, tukamficha aliyetuonyesha. Hatukushuka garini.

Basi, ndugu, msomapo habari hii nyumbani, msiulize tu Naamani aliponaje. Ulizeni ni nani katika nyumba yenu ambaye neno lake halisikilizwi kwa kuwa ni mtoto, au ni mtumishi, au hajui kusoma. Huenda Mungu ameliweka kwake neno mnalolitafuta mbali kwa gharama kubwa. Nasi kwanza yatupasa kumwendea mtoto yule, na kumwambia mbele ya wenzake ya kuwa alisema kweli.