Wakulima na "Mkulimas"

Watungaji wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake umeachwa wazi ili kila atakaye ausome na kuurekebisha, wana desturi moja ninayoiheshimu. Hukubaliana namna ya kuvipa vitu majina, kisha huiachia mashine kazi ya ukaguzi. Mwongozo wa lugha ya Python, uitwao PEP 8, ulitoka mwaka 2001: mstari usizidi herufi 79, majina ya vitendo yawe ya herufi ndogo yaliyounganishwa kwa kistari cha chini, na kadhalika. Wenzao wa lugha ya Go wamekwenda mbali zaidi, kwani chombo chao, gofmt, huupanga msimbo chenyewe bila kumwuliza mtu. Ugomvi wa nafasi na mistari umekwisha, na mimi sina hamu ya kuurudisha.

Lakini hebu tuichukue kanuni hii tuilete hapa Bulwa, katikati ya chai. Tuseme kijana anatunga programu ndogo ya kuandika majani mabichi yanayofikishwa mizanini. Kitu chake cha kwanza ni Mkulima. Django, programu huria itumikayo sana kujengea tovuti, isipoelezwa vinginevyo hufanya wingi kwa kutia herufi "s" mwishoni. Basi ukurasa wa msimamizi utasomeka "Mkulimas". Kweli, dawa yake ni mstari mmoja tu. Lakini Mwingereza hudaiwa mstari huo kwa maneno machache, na sisi tunadaiwa karibu kwa kila neno. Na mkaguzi? Mpe jina "mkulimas_wote" naye atalipitisha bila kukunja uso: herufi ndogo zipo, kistari kipo. Yeye hukagua vazi, hamjui aliyelivaa.

Jambo linalonigusa zaidi ni la vitenzi. Mazoea ya Kiingereza ni kwamba jina la kitu kinachojibiwa ndiyo au hapana litanguliwe na kijineno "is" au "has", ili msomaji ajue kwamba hapo pana swali. Sisi tuna "amelipwa". Neno moja limekwisha kumtaja mtendewa, wakati na hali. "Yamepimwa" linakwambia hata kwamba waliopimwa si watu, ni majani. Kulibandika "is" mbele yake ni sawa na kumvika kanzu mtu aliyekwisha vaa kanzu. Hata hivyo nimeona vijana wakiandika "is_amelipwa", kwa kuwa mwongozo wa kazi ulisema hivyo.

Wataalamu wa mimea nao wana sheria kali za majina, pengine kali kuliko hizi. Ua dogo la zambarau la milima yetu liliitwa Saintpaulia ionantha mwaka 1893, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani. Siku hizi limeingizwa katika jenasi Streptocarpus, na jina lake ni Streptocarpus ionanthus. Tazama mwisho wa neno ulivyogeuka! Jenasi mpya ni ya kiume kwa sarufi ya Kilatini, basi sifa imebidi ikubaliane nayo. Sheria yao inaujua upatanisho wa kisarufi kama sisi tunavyozijua ngeli.

PEP 8 yenyewe inawaomba wasio Waingereza waandike maelezo yao kwa Kiingereza, ila wakiwa na hakika ya asilimia 120 kwamba msimbo hautasomwa na mtu asiyejua lugha yao. Kwa programu ya dunia nzima nakubali. Kwa daftari la mizani la kijiji, atakayekuja kulitengeneza baadaye ni kijana wa Amani au Muheza, na hatari iliyo karibu ni kwamba yeye atashindwa kusoma jina la Kiingereza lililobuniwa na mwenzake kwa kubahatisha, akamlipa mchumaji uzito wa mwingine.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ukatafsiri menyu na ujumbe, yaani uso wa nje. Kazi ya ndani bado ipo, wala si kubwa. Pylint, mmojawapo wa wakaguzi hao, hukubali kupangiwa kanuni za majina na mwenye mradi. Ningeanza na mbili: vitu vya shambani viitwe kwa Kiswahili, na wingi wake uandikwe na mtu.