Mipaka ya Neno "Kazini"

Istilahi hupimwa kwa mambo mawili: usahihi wake mbele ya mtaalamu, na uwazi wake mbele ya mtu inayemhusu. Katika sheria za fidia kwa wafanyakazi jambo hili la pili lina uzito mkubwa, kwa kuwa msomaji huwa ni fundi aliyevunjika mguu, au mjane wake.

Tumezoea kusema "ajali kazini" na "aliyeumia kazini". Hatuna ugomvi na maneno haya katika mazungumzo. Tunalolihoji ni kuyatumia panapotakiwa fasili ya kisheria. Kiambishi -ni katika neno hili kimebeba dhana mbili. Tusemapo "yupo kazini", twaonyesha mahali. Tusemapo "yumo kazini", twaweza kumaanisha hali ya kutenda kazi, hata kama mtendaji yuko mbali na karakana. Sokoni utata huo haumdhuru mtu. Mahakamani waweza kumnyima haki yake.

Historia ya mafundi wa meli wa Marekani yatufunza jambo hili. Mwaka 1917, katika shauri la Southern Pacific dhidi ya Jensen, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria ya fidia ya jimbo la New York haikuweza kutumika kwa mpakuzi wa shehena aliyefia kwenye daraja la kupandia melini. Ili kuziba pengo hilo, Bunge lilipitisha mwaka 1927 sheria ya fidia kwa wafanyakazi wa bandari, wakiwamo waundaji na watengenezaji wa meli. Sheria hiyo ilihusu madhara yaliyotokea juu ya maji yapitikayo na vyombo, pamoja na ndani ya chelezo. Fundi aliyeungua akichomelea bamba chelezoni alilindwa nayo. Fundi yuleyule akiungulia katika karakana iliyo hatua chache nchi kavu, hakulindwa nayo. Marekebisho ya mwaka 1972 ndiyo yaliyoyaingiza magati na maeneo ya kuundia meli yanayopakana na maji. Tangu hapo huulizwa maswali mawili yaliyo mbalimbali: Ameumia mahali gani? Hufanya kazi gani? Mfasiri akiandika "kazini" tu, ameyafunga maswali hayo mawili katika kifundo kimoja.

Neno "ajali" nalo lina upungufu wake. Ajali ni jambo la ghafula. Vumbi la asbesto, lililotumika sana kukinga joto ndani ya meli, huweza kuleta maradhi ya mapafu baada ya miaka 20 au zaidi. Mgonjwa huyo hakupatwa na ajali, wala pengine hayupo tena kazini. Hata hivyo sheria hiyo ya Marekani humpa miaka miwili ya kudai, tangu alipotambua, au alipopaswa kutambua, uhusiano wa ugonjwa, kazi na kutojiweza kwake. Akisoma kijitabu kinachotaja "ajali kazini" pekee, atakikunja akidhani hakimhusu.

Kwa hiyo twapendekeza fasili ijengwe juu ya maneno "kuumia au kuugua kutokana na kazi". "Mahali pa kazi" yatumike kwa mahali, na "wakati wa kazi" kwa wakati. Mwelekeo huu si mgeni kwetu: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Tanzania, Na. 20 ya mwaka 2008, inahusu ajali na magonjwa pia.

Watakuwapo watakaosema kwamba istilahi njema ni fupi. Twakubali, lakini ufupi usinunuliwe kwa haki ya mtu. Mafundi wa vyelezo vya Mwanza na Mombasa hawatahesabu silabi; watatafuta kujua kama wamo ndani ya sheria au wamo nje. Wajibu wetu ni kuwapa maneno yanayowajibu.