Irving Penn na Studio ya Kukodi Cuzco

Mwishoni mwa mwaka 1948 jarida la Vogue lilimtuma Irving Penn, Mmarekani wa miaka 31, kwenda Lima kupiga picha za mitindo. Kazi ilipokwisha hakurudi moja kwa moja New York. Alipanda peke yake hadi Cuzco, mji wa milima ya Andes ulio zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, na huko akafanya kazi ambayo hadi leo inastahili kusomwa na kila anayebeba kamera ugenini.

Wapigapicha wengi wakifika mji kama ule hushinda sokoni wakivizia sura za watu. Penn alitafuta studio. Aliipata ya mpigapicha mwenyeji, akaikodi kwa siku za Krismasi, na mwenye studio akaenda kula sikukuu na familia yake. Ndani mlikuwa na sakafu ya mawe, pazia lililochorwa, kijimeza cha kuegemea, na mwanga wa mchana ulioingia kwa wingi. Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya pazia la kuchorwa katika studio za zamani za Mombasa au Unguja anaujua mpangilio huo vizuri.

Uamuzi huo ndio uliobeba kazi yote. Watu wa Cuzco walikwishaizoea kamera. Martín Chambi, mpigapicha mkubwa wa Peru, alikuwa na studio mjini humo tangu miaka ya 1920. Waliofika kwa Penn walikuja kwa miguu yao, wamevaa walivyotaka kuonekana, wakidhani wamemkuta mtu anayemshikia mwenye studio kazi. Jambo geni lilikuwa malipo: walikuja tayari kulipa, wakalipwa wao.

Angalia mwanga ulivyofanya kazi. Ukiingia kutoka upande mmoja, shavu moja hung'aa na jingine huzama kivulini polepole, na kila uzi wa sufu, kila kiraka na kila mkunjo wa ngozi hujitokeza. Kamera yake ilikuwa Rolleiflex, ambayo hushikwa usawa wa kifua huku mpigapicha akiinama kutazama kioo kilicho juu yake. Lenzi hukaa chini ya macho ya mtu mzima aliyesimama, kwa hiyo mtu hutoka kwenye picha akiwa mrefu na imara. Naye hatazamani na mtambo uliofunika uso wa mpigapicha. Aliye mbele yake ni mtu aliyeinamisha kichwa.

Picha inayojulikana zaidi ni ya watoto wawili, mvulana na msichana, wakiwa peku juu ya mawe, wameshikana mikono kwenye kile kijimeza. Barabara haionekani, wala mlima, wala nyumba yao. Hakuna cha kumvuta mtazamaji pembeni, hivyo anabaki na nyuso na mikono yao. Wamesimama kama wazee wa ukoo, na hilo ndilo linaloipa picha uzito wake.

Penn aliiendeleza njia hiyo kwa miaka mingi. Alitengenezewa hema la kusafiri nalo, lenye upande wa wazi wa kuingiza mwanga, akalisimika Kameruni mwaka 1969, New Guinea 1970 na Moroko 1971. Mwaka 1974 alizikusanya picha hizo katika kitabu Worlds in a Small Room, ambamo anaeleza kwamba hema lile halikuwa nyumbani kwake wala kwa waliopigwa picha. Pale lugha ilipokosekana, alimshika mtu taratibu na kumweka sawa kwa mikono yake.

Hapo ndipo mimi naona doa. Kwa desturi ya studio, anayelipa ndiye mwenye picha: huibeba nyumbani, akaitundika ukutani. Penn alipolipa yeye, picha zikawa zake. Mwaka 2008 nakala moja ya picha ya wale watoto iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa zaidi ya dola 500,000, na kichwa chake bado kinasema tu kwamba ni watoto wa Cuzco. Kuondoa mandhari kuliwapa heshima machoni petu. Kuondoa majina kuliwanyima sehemu ya heshima hiyohiyo, na hakukuwa na sababu yoyote ya kiufundi ya kufanya hivyo.

Njia yenyewe haihitaji fedha nyingi. Ukuta wenye kivuli na kitambaa cha rangi moja vinatosha, mradi ulijue jua. Dar es Salaam, kwa mfano, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, kwa hiyo kivuli kiko kaskazini mwa nyumba. Miezi mingine hugeuka. Mwite mtu aje kwa hiari yake, mpe muda wa kujiweka sawa, na mkubaliane malipo kabla hujagusa kamera. Kisha chukua daftari uandike jina lake kama anavyolitamka mwenyewe, na umwachie nakala ya picha yake.