Kwa Heshima ya Gumegume

Kiswahili kimeidhulumu gumegume. Mwanamume asiyefaa kitu, mume wa jina tu, tunamwita gumegume, na wengi wanaolitupa tusi hilo hawajui kwamba ni jina la bunduki: ile inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni na kuwashwa kwa cheche za jiwe. Si vigumu kuona dharau ilikotoka. Ikipata unyevu hugoma. Ikishalia mara moja, mwenyewe hubaki mikono mitupu mpaka aishindilie upya, na hiyo si kazi ya kupepesa jicho.

Dharau hiyo ina historia nyingine inayouma zaidi. Mwaka 1890, huko Brussels, mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, katika eneo lote kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Waliruhusu gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani tuliachiwa silaha ambayo wao walikuwa wameshaitupa. Miaka 15 baadaye, Vita vya Maji Maji vilipoanza, babu zetu walikwenda na mikuki na magobori kuikabili bombomu ya Mjerumani, bunduki ya rasharasha. Nani asingeidharau bunduki hiyo?

Lakini silaha ya vita si chombo cha msasi. Ukawiaji uleule uliowaponza babu zetu mbele ya bombomu ndio unaoifanya gumegume iwe bunduki ya adabu porini, na nimeliona hilo kwa macho yangu mbali sana na Songea ya Maji Maji, katika vilima vya Pennsylvania, Marekani.

Tangu 1974 jimbo hilo limekuwa na msimu wa kulungu wa mkia mweupe ambao ni wa gumegume peke yake. Huanza baada ya Krismasi na kuingia Januari, wakati wenye bunduki za kisasa wameshamaliza msimu wao mkuu. Katika siku hizo hata bunduki ya fataki, inayowasha baruti kwa pigo, hairuhusiwi. Ni jiwe na chuma, na jicho la mwindaji bila darubini. Na jimbo lenyewe lina haki ya kujivunia ufundi huo, maana ni katika wilaya ya Lancaster, karne ya 18, ambako wahunzi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi waliichukua bunduki fupi na nzito ya kwao, wakarefusha mtutu ukapita mita moja, wakapunguza upana wa tundu ili risasi ndogo itumie madini kidogo, na wakauvika mtutu huo kitako cha mti wa mepo wenye mawimbi kama maji ya kisimani yaliyoguswa. Michirizi inayozunguka ndani ya mtutu huizungusha risasi, nayo huenda imenyooka.

Mzee niliyefuatana naye huko Januari moja alikuwa seremala mstaafu, mtu wa maneno machache. Kabla ya kumimina hata chembe moja ya baruti alichomoa mdeki, akauteremsha taratibu ndani ya mtutu mpaka chini. Ulipogota ulitoa mlio mkavu wa chuma kwa chuma. Akatikisa kichwa kuridhika. Mtutu wenye shehena hutoa mlio mzito uliozimwa, na mdeki huishia juu zaidi. Mdeki wake ulikuwa na alama mbili zilizochorwa kwa kisu, moja ya bunduki tupu, nyingine ya bunduki iliyoshindiliwa. Sijapata kuona kifaa cha usalama kilicho rahisi na cha kweli kuliko mikwaruzo ile miwili.

Kisha pembe ya baruti. Hakumimina kutoka pembeni moja kwa moja. Alijaza kwanza kibaba kidogo cha shaba, akaifunga pembe na kuisogeza nyuma ya mgongo, ndipo akakimwaga kibaba mtutuni. Sababu ni moja, na wengi wamepoteza vidole kwa kuipuuza: kaa dogo lililobaki ndani baada ya mlio uliopita laweza kuwasha baruti inayoteremka, na kama mkono umeshika pembe nzima, pembe nzima italipuka. Juu ya baruti aliweka kitambaa chepesi kilichopakwa mafuta, akaikalisha risasi ya duara juu yake, akaisukuma yote mpaka alama ya pili ya mdeki ikalingana na mdomo wa mtutu. Hapo hakuna makadirio. Risasi ikiachwa njiani, pakawa na nafasi tupu kati yake na baruti, mtutu waweza kuvimba au kupasuka. Vilevile mwenye kusahau akashindilia mara mbili anajitafutia msiba. Na baruti yenyewe ni ile nyeusi ya kale, mchanganyiko wa shura, makaa na kibiriti, kwa uwiano wa 75, 15 na 10. Ile ya kisasa isiyo na moshi, ikitiwa humu, nguvu yake huuzidi mtutu na kuufanya bomu mkononi mwa mwenyewe.

Mwisho kabisa, tulipokwisha kukaa chini ya msonobari na theluji imetulia, alitia baruti laini kiasi cha punje chache katika kisahani cha pembeni. Kabla ya hapo kitundu cha moto kilikuwa kimezibwa kwa unyoya wa bata mzinga, kuzuia unyevu. Kwa sheria ya kule, ukiiondoa baruti ya kisahani, gumegume huhesabiwa kuwa haina kitu. Hivyo kila tulipovuka kijito au ua wa waya aliifuta kwa kidole, na tulipofika upande wa pili akaitia upya, bila haraka na bila kuona kero.

Siku ya kwanza kulungu dume alitokea, lakini alikuwa mbali, labda hatua 120. Mzee hakuinua bunduki. Risasi ya duara hupoteza kasi upesi. Hilo huwapa nafuu wanaoishi ng'ambo ya msitu, ila humdai mwindaji asogee au aache. Aliacha.

Siku ya pili jike alikuja hadi hatua 40. Nyundo ikaanguka, jiwe likakwangua chuma, kisahani kikawaka mwanga wa manjano na moshi ukapanda, lakini mtutu haukulia. Kulungu aliruka akatokomea. Mimi nikageuka kutaka kusema neno, naye akanyanyua kidole kimoja tu bila kunitazama. Bunduki ilibaki begani, mdomo umeelekea kwenye mteremko usio na mtu, naye akihesabu moyoni. Moto waweza kuchelewa. Cheche iliyokwama kwenye kitundu huweza kufika kwenye baruti baada ya sekunde kadhaa, na aliyekwisha kuishusha bunduki kuichungulia hapati wasaa wa kujuta. Dakika moja nzima ikapita, nyingine ikafuata. Kisha akazibua kitundu kwa sindano ya waya, akatia baruti upya kisahanini, akaketi. Katika dakika zile mbili nilimheshimu kuliko ningemheshimu kama angeangusha wanyama kumi.

Mwanga ule wa kisahani ndio uliomsumbua Alexander Forsyth, kasisi wa Uskoti aliyependa kuwinda ndege: uliwashtua wakaruka kabla risasi haijafika. Akabuni njia ya kuwasha baruti kwa pigo, akapata hataza mwaka 1807, na kutokana na wazo lake zikaja fataki, kisha bunduki zote za haraka tunazozijua. Simlaumu. Ila kwa haraka hiyo mwindaji alipata ruhusa ya kukosea, kwa kuwa risasi ya pili iko tayari. Mwenye gumegume hana ruhusa hiyo. Lazima awe na hakika ya mnyama, ya umbali, na ya kilicho nyuma ya mnyama, kabla kidole hakijagusa kifyatuo. Na hata akishafyatua hana budi kutulia vilevile mpaka moto umalize safari yake.

Asubuhi ya tatu alimpata jike kwa hatua 35, mlio mmoja, na mnyama hakufika mbali. Jioni, kabla ya kula, tulichemsha maji. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kulisha kutu usiku huohuo, basi mtutu ulioshwa kwa maji ya moto na sabuni, ukakaushwa, ukapakwa mafuta. Nilishika taa. Kazi ilichukua karibu saa nzima, naye aliifanya kama mtu anayemwogesha mtoto.

Ninaposifu haya simaanishi lile gobori la bomba la maji linalofuliwa kwa siri na kutiwa unga wa vichwa vya viberiti. Bomba hilo halikutengenezwa kuhimili mlipuko, na linamuua mshikaji sawasawa na windo. Lakini yapo magobori mengine huku kwetu: ya marehemu babu, juu ya dari au nyuma ya kabati, yenye kutu na kumbukumbu. Baruti nyeusi iliyokaa kavu haizeeki upesi. Bunduki za kale zimekutwa bado zina shehena baada ya miongo mingi. Ukilikuta moja nyumbani, usiliinue kulionyesha watoto wala usijaribu nyundo yake. Lihesabu kuwa limeshindiliwa, waondoe watu mbele ya mdomo wake, na umwite askari aje alikague hapo hapo lilipo.