Tupa na Kii

Kombaini ikikwama katikati ya ngano kule Mau Narok, fundi anayeitwa kutoka Nakuru hawezi kubeba karakana. Hupanda na mfuko. Ndani mna spana za milimita na za inchi, maana trekta za zamani bado ziko kazini, na spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi hucheza hadi ikaila pembe. Mna nyundo, msumeno wa chuma, na tupa kadhaa, kila moja imeviringishwa kitambaa chake. Tupa zikigongana meno hufa, na fundi anayezirundika pamoja na nyundo simpi mashine yangu.

Tuseme kii imekatika. Kipande hiki kidogo cha chuma hufunga puli kwenye shafti, na mara nyingi ndicho kinachotakiwa kukatika kwanza ili shafti isalimike. Kwa hiyo fundi mjuzi hakitengenezi kwa chuma kigumu kupita kiasi, hata mwenye shamba akimsihi aweke “kitu cha kudumu”. Hukata kipya kikiwa kinene kidogo, akakibana kwenye jiriwa iliyofungwa ukingoni mwa trela. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza.

Mkono wa kulia hushika mpini, wa kushoto hutulia kwenye ncha. Uzito wa mwili husukuma mbele, kwa kuwa meno hukata upande huo tu. Akirudi nyuma huinua tupa kidogo, asiyasage bure. Anayejifunza huiyumbisha, na uso wa chuma hutoka na mgongo, katikati juu na kingo chini. Fundi wetu hupaka chaki kwenye meno ili vumbi la chuma lisigande likachora mikwaruzo. Wala hafuti kazi kwa kidole: mafuta ya ngozi hufanya tupa iteleze.

Kisha hujaribu. Hupaka masizi kwenye mfereji wa shafti unaopokea kii, huingiza kii, huitoa, hutazama palipoguswa na weusi. Hapo hupitisha tupa mara mbili, pengine mara moja, na kujaribu tena. Ubavuni kii lazima ibane. Juu iachwe nafasi nyembamba, la sivyo itaisukuma puli upande na mkanda utayumba. Ikienea, huingia kwa kugongwa taratibu kwa kipande cha mti, bila kulazimishwa. Mwenye shamba, aliyekuwa akitazama saa muda wote huo, huuliza kama anaweza kuwasha injini.

“Bado,” fundi humwambia, na kuanza kuzifunga tupa zake.